Wanasheria walio nyuma ya bei, leseni na nauli

Bei kikomo za mafuta zinazotangazwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji Tanzania, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi hukokotolewa na wachumi, lakini kinachomzuia mwenye kituo asiuze juu ya bei hizo ni sheria. Kuitunza nguvu hiyo ya sheria, isipwaye na isivuke mipaka, ni kazi ya watu ambao mteja wa kituo cha mafuta hawajui kabisa: idara ya sheria ya mamlaka ya udhibiti, na ndani yake mwanasheria mwandamizi. Huyu si hakimu, si mwendesha mashtaka, wala si wakili wa kukodiwa kwa kesi moja. Ni mtumishi wa umma anayesoma uamuzi wa mamlaka yake kabla haujatoka, na kuusoma kwa jicho la wakili wa upande wa pili.

Ofisi za namna hii hazina umri mrefu Tanzania. Hadi miaka ya 1990 serikali ndiyo iliyomiliki shirika la umeme na shirika la posta na simu, na serikali hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa na kauli ya mwisho kuhusu bei. Hapakuwa na haja kubwa ya mtu wa tatu kati ya mtoa huduma na mteja. Mageuzi ya uchumi yalipofungulia mlango kampuni binafsi, ikabidi apatikane msimamizi asiye mchezaji. Bunge likatunga sheria za EWURA na za SUMATRA kwa usafiri wa nchi kavu na majini mwaka 2001, kisha mwaka 2003 sheria za TCRA kwa mawasiliano, TCAA kwa usafiri wa anga, na Sheria ya Ushindani iliyoleta Tume ya Ushindani. EWURA ilianza kazi mwaka 2006. Sheria ya Petroli ya 2015 ikaleta PURA, na mwaka 2019 nafasi ya SUMATRA ikachukuliwa na LATRA, mambo ya meli yakiwa yameshakabidhiwa TASAC. Zanzibar ina chombo chake cha maji na nishati, ZURA, kilichoundwa kwa sheria ya 2013.

Mgawanyo huo ndio mtihani wa kwanza wa mwanasheria. Gesi ikiwa bado katika hatua ya utafutaji na uchimbaji ni habari ya PURA. Ikishaingia kwenye bomba la kwenda Dar es Salaam ni habari ya EWURA. Nauli ya daladala hupangwa na LATRA, lakini dereva akipita kwenye taa nyekundu anashughulikiwa na trafiki. Mamlaka ikitoa amri katika jambo lisilo lake, amri hiyo ni batili hata kama ina manufaa kwa wananchi, na mahakama haitauliza nia ilikuwa nini.

Njia ya kufikia uandamizi ni ndefu kiasi. Huanza na shahada ya sheria, kisha mafunzo ya uanasheria kwa vitendo katika Taasisi ya Uanasheria kwa Vitendo iliyoanzishwa kwa sheria ya 2007, kisha kuajiriwa kama Afisa Sheria na kupanda madaraja. Hakuna kati ya hivyo kinachofundisha jinsi bei ya umeme inavyojengwa. Mwanasheria huyajifunza kazini, kwa wahasibu na wahandisi: uchakavu wa mitambo unavyohesabiwa, upotevu wa umeme njiani unavyogawanywa kati ya shirika na mteja, gharama ipi ni halali kuingizwa kwenye bei na ipi ni uzembe ambao mteja hapaswi kuulipia. Anayeogopa majedwali ya hesabu hafai kwa kazi hii, hata awe fundi wa hoja namna gani.

Sehemu kubwa ya mwaka huenda kwenye kanuni. Sheria ya Bunge husema mambo kwa upana, kwamba biashara ya mafuta lazima iwe na leseni, kwamba huduma iwe ya ubora. Kanuni ndizo zinazosema leseni inaombwa kwa fomu ipi, inadumu miaka mingapi, tangi lichimbiwe umbali gani, na adhabu ni kiasi gani. Mwanasheria huandika rasimu, huipitisha kwa wataalamu, huipeleka kwa wadau watoe maoni, kisha huifikisha kwa mwenye mamlaka ya kuisaini, ambaye hutegemea sheria mama: mara nyingine ni Waziri, mara nyingine ni mamlaka yenyewe. Ikishasainiwa huchapishwa katika Gazeti la Serikali na kupewa namba ya Tangazo, kisha huwekwa mezani bungeni, ambako Kamati ya Sheria Ndogo huichambua.

Katika mlolongo huo ndimo makosa ya gharama kubwa hutokea. Kanuni isiyochapishwa haimfungi mtu. Kanuni inayoweka tozo ambayo sheria mama haikuiruhusu huanguka siku ya kwanza itakapopingwa, na fedha zilizokwisha kukusanywa huwa mzigo wa kurudisha. Kenya imekwenda mbali zaidi: kwa Sheria ya Nyaraka za Kisheria ya 2013, kanuni isiyofikishwa bungeni ndani ya siku saba za vikao baada ya kuchapishwa hupoteza nguvu papo hapo. Wanasheria wa wadhibiti wa Nairobi hawana anasa ya kusema karatasi ilikwama masjala.

Lugha nayo imeongeza kazi. Februari 2021 Bunge lilipitisha marekebisho yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, wakati masharti ya leseni, viwango vya ubora na mikataba ya kuuziana umeme vilikuwa vimeandikwa kwa Kiingereza kwa miaka mingi. Kisha likaja Toleo la Urekebu la 2023 la sheria za nchi, lililoanza kutumika Julai 1, 2025, ambamo vifungu vingi vimepangwa upya namba. Notisi inayotaja kifungu kwa namba yake ya zamani inampa wakili wa kampuni pingamizi la bure. Kupitia violezo vyote vya ofisi, kimoja baada ya kingine, si kazi ya kujivunia kwenye sherehe, lakini ndiyo inayookoa mashauri.

Mahali ambapo mwanasheria huyu huonekana hadharani ni kwenye taftishi, yaani uchunguzi wa wazi unaofanywa kabla ya bei kubadilishwa. Mtoa huduma huleta ombi na vielelezo vyake, mamlaka hutangaza, kisha hukaa ukumbini na wananchi, wenye viwanda na mabaraza ya watumiaji, kila upande ukisema yake. Mwanasheria huhakikisha tangazo limetoka kwa muda unaotakiwa, kumbukumbu za waliosema zinaandikwa, na uamuzi wa mwisho unajibu hoja zilizotolewa badala ya kuzipita kimya. Msingi wake uko kwenye Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba, inayotaka mtu asikilizwe kwa ukamilifu pale haki na wajibu wake vinapoamuliwa.

Taratibu hizo zote zinaweza kufuatwa vizuri na uamuzi bado ukagonga mwamba. Mwishoni mwa 2016 shirika la umeme, TANESCO, liliomba kupandisha bei ya umeme kwa asilimia 18.19. Baada ya taftishi EWURA iliridhia wastani wa asilimia 8.53, kuanzia Januari 1, 2017. Kabla mwaka haujageuka Waziri wa Nishati na Madini, Profesa Sospeter Muhongo, alisitisha bei hizo, na siku ya mwaka mpya Rais John Magufuli alitengua uteuzi wa Mkurugenzi Mtendaji wa TANESCO. Bei mpya haikuanza.

Tukio hilo linastahili kufundishwa darasani kuliko kesi nyingi zilizoko vitabuni. Sheria ya EWURA inampa Waziri nafasi ya kuelekeza mamlaka, lakini inaweka kando jukumu lenyewe la udhibiti. Kwenye karatasi, basi, mpaka uko wazi. Kwenye maisha ya ofisi, Mwenyekiti wa Bodi huteuliwa na Rais, wajumbe wengine huteuliwa na Waziri, na kupanda kwa umeme kunagusa kila nyumba na kila kura. Mwanasheria mwandamizi anayeulizwa siku hiyo na wakubwa wake ana majibu mawili tu yaliyo ya heshima: kuandika kwa uwazi sheria inasema nini, na kuonyesha njia halali ya kufika wanakotaka kwenda, kama vile kurejea uamuzi kwa utaratibu uliowekwa. Jibu la tatu, la kutafuta kifungu cha kufunika kilichokwisha kufanyika, ni jepesi sana kuliandika na ndilo linaloharibu ofisi.

Kuna nyakati nyingine ambapo kizuizi si siasa, ni soko lenyewe. Mwaka 2022 LATRA iliweka ukomo wa asilimia 15 kwa kamisheni ambayo kampuni za teksi za mtandaoni zinaweza kumkata dereva. Uber ikasitisha huduma zake nchini mwezi Aprili. Mashauriano yakaendelea, ukomo ukapandishwa hadi asilimia 25, na Januari 2023 kampuni ikarejea. Waliosema LATRA ilishindwa walikosea, na waliosema kampuni ilishindwa walikosea pia. Amri ya kwanza ilitolewa kwa mamlaka halali. Ya pili ilitolewa kwa mamlaka yale yale baada ya taarifa zaidi kuingia. Kwa mwanasheria, jambo la maana ni kwamba amri ibaki inayoweza kurekebishwa bila kuvunja sheria iliyoizaa.

Utekelezaji ndiko kazi inakochafua mikono. Kwa miaka mingi donda la sekta ya mafuta lilikuwa uchakachuaji: mafuta ya taa, yaliyokuwa na kodi ndogo, kuchanganywa na dizeli, au mafuta ya kwenda nchi jirani bila kodi kushushwa kimyakimya humu nchini. Mwaka 2010 EWURA ilianza kuweka vinasaba, yaani alama za kikemikali, kwenye mafuta yanayouzwa nchini, kazi ambayo baadaye ilihamishiwa shirika la viwango, TBS. Mkaguzi akichukua sampuli kituoni na vinasaba vikaonekana pungufu, inajulikana kuna mkono wa mtu.

Maabara ikishamaliza, mwanasheria ndiyo kwanza anaanza. Nani alichukua sampuli, saa ngapi, kutoka pampu ipi? Chupa ilifungwa lakiri mbele ya mwenye kituo? Alisaini? Alibakiziwa sampuli yake aipeleke kwingine akitaka? Kifaa cha kupimia kilikuwa na cheti hai? Chupa moja iliyokaa usiku kucha kwenye gari bila maelezo inatosha kuua shauri zima, hata kama dizeli ile ilinuka mafuta ya taa kuanzia barabarani. Ndiyo maana mwanasheria mzuri huonekana zaidi kwenye mafunzo ya wakaguzi kuliko mahakamani: anawafundisha kujaza fomu.

Kisha huja notisi ya kumtaka mwenye leseni ajieleze, na hapa pana kishawishi kikubwa. Kila mtu ofisini ameshaona matokeo ya maabara, na kujieleza kunaonekana kama kupoteza muda. Lakini uamuzi uliotolewa bila kumsikiliza mtu ni mwepesi sana kufutwa. Baada ya maelezo kupokelewa, mamlaka inaweza kuonya, kutoza faini, kusimamisha leseni au kuifuta, na kwa baadhi ya makosa ya jinai sheria huruhusu kufifilishwa, mkosaji akikiri na kulipa bila kupelekwa kortini. Kipimo cha adhabu lazima kilingane na kosa na kilingane na walivyoadhibiwa wengine. Kituo kimoja kikifungwa miezi sita na jirani yake kwa kosa lile lile kikaonywa tu, wakili wa kituo cha kwanza ameshapata hoja.

Agosti 2011 mfumo huu ulipimwa nchi nzima ikitazama. EWURA ilishusha bei kikomo, na kampuni kadhaa zikaacha kuuza. Foleni zikajaa vituoni, na Bunge lililokuwa likikaa Dodoma likawaka moto. EWURA ilitoa amri kwa kampuni nne, BP, Engen, Oilcom na Camel Oil, zirejeshe mauzo ndani ya saa 24 na zijieleze. BP Tanzania ilisimamishiwa leseni kwa miezi mitatu. Nusu ya hisa za kampuni hiyo zilikuwa za Serikali ya Tanzania yenyewe, jambo lililoonyesha kwamba mdhibiti anaweza kumgusa hata anayeketi meza moja na mwajiri wake. Ukali wa amri ulisemwa sana. Kilichosemwa kidogo ni mpangilio wake: amri kwanza, muda wa kutii, nafasi ya kujieleza, ndipo adhabu.

Asiyeridhika na uamuzi wa wadhibiti hawa ana mahali pa kwenda. Baraza la Ushindani, linaloongozwa na Jaji wa Mahakama Kuu akiwa na wajumbe wengine, husikiliza rufaa kutoka Tume ya Ushindani, EWURA, TCRA, LATRA na TCAA, miongoni mwa vyombo vingine. Huko mwanasheria mwandamizi hukuta alichokiandika miezi iliyopita kikisomwa kwa sauti na mtu asiyempenda.

Mfano wa karibuni ni ule wa saruji. Oktoba 2021 kampuni ya Scancem, iliyo katika kundi moja na Twiga Cement, ilitangaza kununua asilimia 68.33 ya hisa za Tanga Cement. Tume ya Ushindani iliridhia mwaka 2022. Chalinze Cement na wenzake wakakata rufaa, na Septemba mwaka huo Baraza likatengua muungano huo, hoja kubwa ikiwa kwamba kampuni mbili hizo kwa pamoja zingepita asilimia 35 ya soko, kiwango ambacho sheria ya wakati huo ilikitumia kupima utawala wa soko. Mnunuzi akawasilisha ombi jipya, na mwaka 2023 Tume ikaliridhia. Mjadala wa umma ulijaa maneno kuhusu nani kahongwa na nani kaonewa. Somo la kisheria ni kavu zaidi: uamuzi wa mdhibiti hupimwa kwa sababu zilizoandikwa ndani yake. Sababu nzuri iliyobaki kichwani mwa mtaalamu haipo mbele ya Baraza.

Kwenye mahakama za kawaida sura ya kazi ilibadilika Februari 2018, ilipoundwa Ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali kusimamia mashauri ya madai ya serikali na taasisi zake. Marekebisho ya 2020 yakaongeza kwamba anayetaka kuishtaki taasisi ya umma atoe notisi ya siku 90, amuunganishe Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na afungue shauri Mahakama Kuu. Kabla ya hapo taasisi nyingi zilikodi mawakili binafsi, na ankara zao hazikuwa ndogo. Sasa mwanasheria wa mamlaka hufanya kazi bega kwa bega na mawakili wa serikali ambao wanajua kanuni za mahakama kumzidi lakini hawajawahi kuona mita ya gesi. Kuwaelewesha sekta yake kwa dokezo la kurasa chache ni ustadi wa peke yake.

Mapungufu ya kazi hii yanajulikana na walio ndani. Mamlaka huendeshwa kwa tozo za wale wanaosimamiwa. Kwa EWURA sheria inaweka ukomo wa asilimia moja ya mapato ghafi ya mtoa huduma. Mpango huo unaiokoa mamlaka isigombee bajeti, lakini unaifanya ipokee fedha kutoka kwa mtu inayemkagua, na mwanasheria lazima awe mtu wa mwisho kusahau hilo. Kampuni nazo hujua thamani ya mtu aliyeandika kanuni zinazowabana, na mshahara wanaoweza kumpa hauko kwenye ngazi za utumishi wa umma. Anapoondoka, kumbukumbu ya kwa nini kifungu fulani kiliandikwa vile huondoka naye, isipokuwa aliiacha kwenye jalada.

Kwa mwananchi, mlango wa kuingilia kwenye kazi hii uko wazi kuliko wengi wanavyodhani. Mwenye lalamiko la ankara ya maji, umeme au huduma ya simu aanze kwa mtoa huduma, kwa maandishi, na atunze nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Asiporidhika alifikishe kwenye mamlaka husika, au aombe msaada wa baraza la watumiaji la sekta hiyo, kama EWURA CCC au LATRA CCC. Na tangazo la taftishi likitoka, aende ukumbini au apeleke maoni yake kwa barua, kwa sababu hoja iliyoingia kwenye kumbukumbu lazima ijibiwe.